Mkono wa Mama na Wengu wa Mtoto: Tunachojifunza Kutoka Jamaika

Leo tunazungumza juu ya wengu, ambao wengine huuita bandama, kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli. Tutapitia historia kidogo, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo unaweza kulifanya leo jioni nyumbani kwako, bila mashine na bila kulipa hata shilingi.

Wengu uko upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kusaidia mwili kupigana na viini vya magonjwa. Kwa mtoto mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Wakati mwingine hunasa ndani ya wengu na kuziba njia. Damu inaingia, lakini haitoki. Wengu unavimba ghafla, na mwili wote uliobaki unakosa damu. Mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kuwa hatarini kufa kabla ya usiku. Hali hii huwapata hasa watoto wadogo, wa miezi michache hadi miaka mitano, na mara kwa mara huja pamoja na homa au mafua.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1949, Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia hapa Kenya, alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba wenye chembechembe za urithi wa selimundu walikuwa wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu: mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini mtoto anayerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kwa hiyo mama, usikubali kulaumiwa peke yako. Urithi huu umetoka kwa baba na mama.

Sasa twende Jamaika, kisiwa ambacho wakazi wake wengi ni vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mwaka 1973, katika jiji la Kingston, daktari Graham Serjeant na wenzake walianza kupima damu ya watoto wachanga. Kufikia mwisho wa 1981 walikuwa wamepima watoto 100,000. Wale waliopatikana na selimundu walifuatwa kliniki tangu utotoni. Wataalamu wakaona kwamba kuvimba ghafla kwa wengu kuliua watoto wengi wadogo, na wengine walikata roho kabla ya kufika hospitali.

Wangefanya nini? Daktari hawezi kulala katika kila nyumba. Anayelala na mtoto ni mama. Basi mwaka 1978 wakaanza kuwafundisha wazazi kupapasa wengu wa mtoto kwa vidole.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Kabla ya mafunzo, katika kila mashambulio 100, takriban 29 yaliishia kwa kifo. Baada ya mafunzo, vifo vilishuka hadi takriban 3. Na cha kushangaza, mashambulio yaliyoandikwa yaliongezeka zaidi ya mara mbili! Je, ugonjwa ulizidi? La. Wazazi walikuwa wameanza kuyatambua mapema, yale ambayo zamani yalipita bila mtu kuyajua.

Historia ina sehemu ya pili. Mwaka 1975, mjini London, Yvonne Cossart na wenzake waligundua kirusi kipya katika damu. Kilipewa jina B19, kutokana na namba ya sampuli. Mwaka 1981, wataalamu wa London na wa Jamaika walionyesha kwamba kirusi hicho husimamisha kazi ya uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, kwa siku kadhaa. Mtoto mwingine hata hatambui, kwa maana chembe zake nyekundu huishi siku 120 hivi. Lakini za mtoto wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kiwanda kikifungwa hata wiki moja, damu inaisha. Hapo mtoto hupauka sana hata kama wengu haujavimba. Na wakati mwingine kirusi hicho huja pamoja na wengu kuvimba.

Basi mama, fanya hivi. Mlaze mtoto chali akiwa ametulia. Weka vidole chini tumboni upande wa kushoto, kisha panda polepole kuelekea mbavu. Usibonyeze kwa nguvu. Mwombe muuguzi au daktari wa kliniki akuonyeshe, kwani watoto wengine wana wengu unaogusika kila siku, na malaria pia huukuza. Ujue ukubwa wa kawaida wa mtoto wako, upime kwa vidole, na upapase kila siku, zaidi akiwa na homa.

Ukiona wengu umekua ghafla, au mtoto amepauka viganja, ulimi na ndani ya kope, amelegea, au anapumua haraka, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali inayoweza kuongeza damu, na useme mara moja: "Mtoto huyu ana selimundu." Homa peke yake pia ni sababu ya kwenda siku hiyo hiyo. Shambulio likipita linaweza kurudi, kwa hiyo usiache kliniki, dawa ya penisilini, chanjo, wala kinga ya malaria.

Wazazi wa Jamaika hawakuwa madaktari. Walifundishwa, wakazoea, na watoto wao wakaishi. Nawe unaweza. Mfundishe pia nyanya na dada anayebaki na mtoto.