Isiolo, mji ambako watu waligoma kulipa kodi ndogo

Mtu amenunua nyumba kwa jasho lake. Amepewa ufunguo, amepewa hati, na jina lake limeandikwa. Mwisho wa mwezi analetewa ankara ya kulipia ulinzi wa lango, taa za ngazini, usafi wa ua, pampu ya maji na gari la kunyonya maji taka. Juu ya hayo anakabidhiwa kanuni: hapa hapaanikwi nguo, pale hapafugwi mbuzi, gari la mgeni lisilale ndani. Malalamiko haya yalianza Nairobi na Mombasa, na kwa kila jengo la ghorofa linaloinuka katika miji ya kaskazini yanapita barabara ya lami ya Moyale na kuingia Isiolo, mji uliozoea ploti yenye ua wa miiba na nyumba ya mabati ambayo mwenyewe ndiye bawabu, ndiye fundi na ndiye msafishaji.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huohuo, imeondoa ubishi mwingi. Anayenunua fleti anapata hatimiliki ya fleti yake, na pamoja nayo fungu katika mali ya pamoja: paa, ngazi, uwanja wa magari, mabomba. Mpango wa jengo ukishasajiliwa, wenye nyumba wote wanakuwa wanachama wa shirika la jengo, wapende wasipende. Shirika hilo hutoza mchango, husimamia kanuni, huitisha mikutano, na mwanachama asiyelipa hudaiwa kama mdeni mwingine yeyote. Wakigombana, sheria imeweka kamati ya ndani ya kusuluhisha. Nayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na kumtoza mwajiri kiasi hichohicho, inalenga kujenga maelfu ya makao ya namna hii katika kaunti zetu. Watakaoyapata watakutana na ankara ileile.

Swali la wengi ni kwa nini walipe. Isiolo ina historia inayolijibu swali hilo kwa njia isiyo ya kawaida. Miaka 90 hivi iliyopita, baadhi ya wakazi wa mji huu waligombana na serikali ya kikoloni kwa sababu walitozwa kodi ndogo kuliko waliyoitaka. Walidai kulipa zaidi.

Kisa hicho kiliandikwa kwa kina na mwanahistoria E. R. Turton katika jarida la African Affairs mwaka 1974, kisha Keren Weitzberg akakirudia mwaka 2017 katika kitabu chake kuhusu Wasomali wa Kenya, akiongeza masimulizi ya wazee. Makala haya yanawategemea hao wawili.

Mwanzo wa mji wenyewe hauna mengi. Isiolo ilikuwa karantini ya mifugo, mahali pa kuwazuia ng'ombe wa kaskazini wasipeleke sotoka na homa ya mapafu kwenye mashamba ya walowezi wa Laikipia na Nanyuki. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliwaweka hapo Wasomali waliokuwa wameitumikia, na mwishoni mwa miaka ya 1920 makao makuu ya utawala wa kaskazini yakahamishiwa hapo. Mapema miaka ya 1930 Waborana wengi walisogezwa kuja upande huu kutoka Wajir. Wasamburu, Waturkana na Wameru walikuwa jirani. Eneo lote la kaskazini lilikuwa limefungwa tangu 1926: huingii wala hutoki bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikaongeza mipaka ya malisho kwa kila kabila. Kwa hiyo kabla ya kuwa mji wa maduka, Isiolo ilikuwa makazi yaliyopangwa na ofisi, yenye sehemu ya kila kundi na kanuni ya kila sehemu.

Wasomali wa karantini, wengi wao wa ukoo wa Waisaaq na wengine wa ukoo wa Waharti, walikuwa na historia ya pekee. Baadhi ya Waisaaq walifika na misafara ya Wazungu kutoka Berbera. Lord Delamere alipotokea Laikipia mwaka 1897 baada ya kupita Uhabeshi, alikuwa na Wasomali katika msafara wake. Wengine walipitia Aden wakawa askari, wakalimani, wabeba bunduki wa wawindaji na wachuuzi wa ng'ombe. Serikali iliwahitaji, ikawapa heshima nusu nusu. Amri ya mwaka 1919 iliwaondoa Wasomali wa aina yao katika maana ya neno "wenyeji" kwa baadhi ya sheria, jambo lililowaweka juu kidogo ya Waafrika wengine mbele ya karani na hakimu. Lakini katika ardhi ya Isiolo walikaa kwa ridhaa ya serikali. Hawakuwa na hati mkononi, na ridhaa ya ofisa huja na kuondoka na ofisa.

Ndipo ikaja sheria ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, mwaka 1936. Iliwapanga watu kwa ngazi: Wazungu juu, Wahindi chini yao kwa shilingi 30, kisha Waarabu, Wasomali na wengineo kwa shilingi 20. Mtu wa leo angeshukuru kwa nafuu ya shilingi kumi, ambazo wakati huo zilikuwa pesa za kuhesabiwa. Waisaaq walikasirika. Walisema wao si wa ngazi ya shilingi 20. Walisema asili yao ni Arabuni kupitia mhenga wao Sheikh Ishaq, kwamba ni Waasia, na kwamba watalipa 30 kama Waasia au hawatalipa kabisa.

Ofisi za Nairobi zilishangaa. Zilizoea watu kukimbilia porini siku ya kodi, na sasa mbele yao walikuwa watu walioleta pesa nyingi kuliko zilizotakiwa na kukataa stakabadhi ya pesa kidogo. Maofisa waliona ni kiburi. Ukiitazama hali ya Isiolo, unaona walichokuwa wakipigania. Aliyehesabiwa Mwasia hakubeba kipande, kitambulisho walicholazimishwa Waafrika. Akiugua alilazwa wadi ya Waasia, akifungwa alipewa chakula cha Waasia. Alikuwa na njia pana zaidi ya kupata ploti na leseni ya biashara mjini. Aliyeteremshwa kutoka ngazi hiyo alijua sheria inayofuata ingeweza kumteremsha tena, mpaka siku moja aambiwe afungashe mbuzi wake na kuondoka karantini. Stakabadhi ya shilingi 30 ilikuwa ushahidi wa daraja, na daraja ndilo lililompa mtu mahali pa kukaa.

Hoja yao ya Uasia ilikuwa na mashiko kuliko maofisa walivyokubali. Aden, bandari ambayo wengi wao walipitia, ilitawaliwa kama sehemu ya India ya Waingereza hadi Aprili 1937. Kijana aliyeondoka Aden akaja Mombasa alikuwa ametoka katika himaya ileile iliyomleta fundi wa reli kutoka Punjab. Kwa nini mmoja awe Mwasia na mwenzake asiwe? Serikali haikuwa na jibu isipokuwa kwamba ndivyo ilivyoamua.

Mgogoro haukuishia Isiolo. Jamii za Waisaaq wa Nairobi, Nanyuki, Naivasha na kwingineko ziliungana kwa jina la jumuiya ya Mashariff wa Ishaq, raia wa himaya ya Uingereza. Waliandika maombi juu ya maombi, si kwa gavana peke yake bali hadi London, na ndugu zao wa Aden, Somaliland na mabaharia waliokaa bandari za Uingereza wakashikana nao. Kwa watu walionyimwa hata ruhusa ya kuvuka mpaka wa wilaya bila karatasi, huo ulikuwa mtandao wa ajabu. Wakoloni waliwatenga kwa mipaka. Wao walichangishana, wakaandikiana, wakajibu kwa sauti moja.

Serikali haikurudi nyuma. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika kaskazini na Waitaliano wakawa ng'ambo ya mpaka, mgomo ulififia, na kufikia 1941 ulikuwa umekwisha. Waisaaq hawakupata Uasia waliouomba.

Sitaki kuwapamba. Madai yao yalisimama juu ya ngazi ya rangi, nao hawakuomba ngazi ivunjwe. Waliomba wapandishwe. Mborana, Mturkana na Msamburu aliyekuwa akilipa kodi ya wenyeji katika wilaya hiyohiyo hakutajwa katika maombi yale isipokuwa kama mtu ambaye hawakutaka kufananishwa naye. Hilo liliacha kovu, na wazee wa jamii nyingine wana haki ya kulikumbusha. Lakini walielewa jambo ambalo mnunuzi wa fleti wa leo hulisahau: malipo yanaambatana na cheo na sauti, na asiyejua analipa kama nani hajui anaweza kudai nini.

Yaliyofuata yanajulikana. Tume ya mwaka 1962 iliona wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani eneo hili lililokuwa limefungwa, wanataka kujitenga na Kenya na kujiunga na Somalia. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya wa kwanza Mwafrika hapa, aliuawa pamoja na Chifu Mkuu Haji Galma Dido. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, vikafuata hadi 1967, na wafugaji wa Isiolo wakasukumwa kwenye vijiji vya ulinzi, mifugo yao ikaisha. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangiwa foleni za uhakiki, wakatakiwa kuthibitisha uraia na kupewa vyeti maalumu. Mtu aliyekuwa na karatasi ya babu yake alijua thamani yake siku hiyo. Sheria za hali ya hatari za kaskazini zilifutwa 1991. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka njia ya kuwapa wafugaji hati ya pamoja, yenye mkutano wa jamii na kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Ukiitazama vizuri, ni ndugu wa shirika la jengo: mali ya wote, daftari la wanachama, kanuni, kura.

Nairobi nayo ilipitia ugomvi wake. Chama cha wakazi wa Karen na Langata, kilichoanzishwa 1940, kiliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani katika miaka ya 1990, kikipinga kulipa ada za ardhi kwa huduma zisizoonekana. Waisaaq walisema tutalipa zaidi ili tuhesabiwe, hawa wakasema hatutalipa mpaka tuhudumiwe. Dai ni moja, kwamba anayetoza ana deni kwa anayelipa.

Inaniuma kwamba kisa cha shilingi 20 na 30 kinasomwa na wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, huku mtoto wa Bulapesa au Kambi Garba hapa Isiolo akimaliza shule bila kukisikia. Mtaa wa karantini haujapewa hadhi inayostahili. Wazee waliosikia habari za mgomo kutoka kwa baba zao wanapungua kila mwaka. Kaunti ya Isiolo inapaswa kukusanya kumbukumbu hizo sasa, nakala za maombi na masimulizi ya jamii zote, zikiwemo zile ambazo maombi yale yaliziacha nje.

Na kwako unayekaribia kununua nyumba katika jengo au mtaa wa lango moja, hapa Isiolo au popote, usitie saini kwa furaha ya ufunguo. Omba kwanza kanuni za jengo, uzisome zote. Uliza fungu lako katika mali ya pamoja ni kiasi gani, maana mchango na kura yako vinahusiana nalo. Dai kuona hesabu za mwaka uliopita, jina la anayeshika akaunti, na tarehe ya mkutano mkuu ujao. Kisha uhudhurie mkutano huo.