Ua la shaba na tanuri za kale za Lubumbashi

Mvua zinapokwisha na nyasi kuanza kukauka kuzunguka Lubumbashi, mmea mdogo wa jamii ya kivumbasha huchanua vichwa vya zambarau mahali ambapo miti imeshindwa kuota. Ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Vitabu huutaja kuwa mwenyeji wa vile vilima vya shaba visivyo na miti katikati ya miombo. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari: baadhi ya makao yake yametengenezwa na watu, hivyo ua hili linatueleza historia si chini ya linavyotueleza miamba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika mwaka 1926 juu ya wafua shaba wa Katanga, waliojulikana kama wala shaba. Walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachochea makaa kwa mivukuto. Tanuri haikulazimika kukaa penye mgodi, kwani ilihitaji pia maji, kuni na udongo wa kufinyanga. Mabaki yake yalitia ardhi sumu ya shaba, na ua likapata uwanja bila mshindani. Ndiyo maana watafiti de Plaen, Malaisse na Brooks waliweza kueleza mwaka 1982 jinsi maua haya yanavyomwongoza mwanaakiolojia kwenye tanuri zilizofukiwa. Na kazi hiyo ni ya kale kweli: pale Naviundu, jirani na mji, shaba iliyeyushwa tangu karne ya 4, wakati kampuni ya madini ya Union Minière ilizaliwa 1906 tu.

Kuna pingamizi lenye uzito. Paton na Brooks walionyesha mwaka 1996 kwamba mmea huu si kipimo cha kuaminika cha shaba, maana huweza kuota hata penye udongo wa kawaida. Nakubali, lakini hoja haianguki. Hakuna anayelihukumu ua peke yake. Kinachosema ni kundi lake lililojibana mbali na mwamba wa madini, kisha jembe likatoa makaa, mabaki ya kuyeyushia na vipande vya mirija ya mivukuto. Wengine watasema: kama linapenda ardhi iliyovurugwa, basi migodi ni neema kwake. Kwake, pengine, kama ilivyokuwa kwa nyasi moja. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilipoanza mwaka 1911, upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa Penga Penga. Miombo ikafa, na nyasi fupi ya Microchloa altera ikatandaa kwenye udongo mtupu. Lakini si kila mwenyeji wa shaba ana miguu hiyo. Mmea wa Crepidorhopalon perennis unajulikana kuota kwa asili Étoile tu, mgodi uleule uliolisha tanuri ya kwanza ya kiwanda hicho, nao haukuufuata moshi popote. Tena ua la shaba lenyewe likiota upya juu ya kifusi cha jana, halimwambii mtu lolote kuhusu wala shaba: tingatinga lililosawazisha uwanja wake wa zamani limebeba na tanuri iliyokuwa chini yake.