Mrija wa kifuani: ulikotoka, na kwa nini siku hizi hatuukamui ovyo (Sehemu ya 3)

Mama zangu, tuendelee. Wengi mmeniuliza: "Sista, ile mirija inayotoka kifuani kwa mtoto baada ya upasuaji wa moyo ni ya nini, na mbona manesi wanaikodolea macho hivyo?"

Inatoa damu na maji yanayobaki ndani. Ukiziba kwa damu iliyoganda, damu inayoendelea kutoka inajikusanya kuzunguka moyo na kuubana mpaka ushindwe kujaa vizuri. Kwa hiyo mrija uliokuwa unatoa damu ukikauka ghafla, sisi hatushangilii, tunakimbilia kitandani.

Hippocrates wa Ugiriki ya kale alishatoa usaha kifuani kwa mrija. Tatizo lilikuwa hewa: tundu likibaki wazi inaingia, pafu linasinyaa. Mwaka 1875 daktari Gotthard Bülau wa Hamburg, Ujerumani, akaizamisha ncha ya nje ya mrija kwenye chupa ya maji. Usaha unatoka, hewa hairudi. Rahisi hivyo! Alichapisha maelezo yake mwaka 1891, na chupa unayoiona leo chini ya kitanda cha mwanao, hata kama ni ya plastiki yenye vyumba vitatu, ni mjukuu wa ile ya Bülau.

Basi, upasuaji wa moyo kwa watoto uliposhika kasi baada ya mwaka 1944, pale Alfred Blalock alipomfanyia upasuaji mtoto Eileen Saxon huko Baltimore, Marekani, mirija ikawa inabeba damu badala ya usaha. Na damu inaganda. Tena mrija wa mtoto mchanga ni mwembamba, kidonge kidogo tu cha damu kinautosha.

Manesi wakapata mbinu: unabana mrija kwa vidole, unateleza navyo kuelekea kwenye chupa, kama unakamua ng'ombe. Wakafundishana miaka na miaka. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Duncan na Erickson, wakapima nguvu yake. Mashine ya kuvuta huwekwa kama sentimita 20 za maji; kukamua kulifika karibu 400. Hebu fikiria mvuto huo kwenye kifua kilichoshonwa jana! Ndiyo maana wodi nyingi zimeacha kukamua kwa mazoea. Tunaangalia kila saa kiasi kilichotoka, rangi yake na mapigo ya moyo, na damu ikiganda mle ndani daktari anaamua.

Wewe mama una kazi yako hapo. Chupa isipande juu ya kifua cha mtoto, hata ukimbeba. Mrija usining'inie ukafanya tumbo, maana damu inatuama hapo na kuganda. Ukimgeuza, hakikisha hajaulalia. Ukiona umekauka ghafla, au mtoto amepauka na anahema mbio, ita nesi papo hapo, usisubiri raundi ya asubuhi. Wala usiukamue mwenyewe, hata kama mama wa kitanda cha jirani amekuelekeza.

Sehemu ya 4: siku ya kuutoa, na kama inauma.