Utaratibu Kabla ya Semina: Usawa wa Watumishi katika Huduma ya Afya ya Uingereza

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, ilianzishwa Julai 5, 1948, na tangu miaka yake ya mwanzo imetegemea watu waliotoka ng'ambo: wauguzi wa Karibi, madaktari wa Bara Hindi, na sasa wauguzi wa Kenya, nchi iliyotia saini makubaliano ya ajira za afya na Uingereza mwaka 2021. Kwa hiyo haki ya watumishi hawa inatuhusu nasi. Ninachodai ni hiki: taasisi ya umma haimfanyi mtumishi ajihisi kuwa wa hapo kwa kaulimbiu na semina, bali kwa kubana uhuru wa mkubwa wa kazi pale anapoamua hatima ya mwenzake.

Ushahidi mzuri umo ndani ya takwimu za NHS yenyewe. Tangu 2015, taasisi zake za England hupimwa kwa viashiria tisa vinavyolinganisha watumishi weupe na wasio weupe. Viwili vinatosha hapa. Mwaka 2016, uwezekano wa mtumishi asiye mweupe kufunguliwa shauri la nidhamu ulikuwa mara 1.56 ya ule wa mweupe; kufikia 2020 ulikuwa umeshuka hadi 1.16. Katika ajira, mwombaji mweupe aliyeitwa kwenye usaili alikuwa na nafasi ya takriban mara 1.6 ya kupata kazi mwaka 2016, na mwaka 2023 hali ilikuwa ile ile. Mwajiri ni mmoja, Sheria ya Usawa ya 2010 ni moja, na semina ni zile zile. Kilichotofautiana ni utaratibu. Katika nidhamu, taasisi kadhaa zilianza kumtaka msimamizi ajieleze kabla ya kufungua jalada: je, kosa lilikusudiwa, au mfumo ndio uliomponza mtumishi? Mersey Care, inayohudumia eneo la Liverpool, ilianza kuuliza nini kilitokea badala ya nani alaumiwe, na mwaka 2019 uongozi wa NHS ukazitaka taasisi zote zipitie upya taratibu zao. Sidai kwamba hilo peke yake ndilo lililoshusha takwimu. Hata hivyo, kwenye usaili jopo bado linaweza kumkataa mtu kwa kusema tu kwamba hataendana na timu, na hapo ndipo takwimu zimeganda.

Wapo watakaosema kwamba ajira hufuata sifa, na kwamba tofauti hiyo inaonyesha tu nani ana uwezo zaidi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kiashiria kingehesabu waombaji wote; lakini kinawahesabu wale tu ambao tayari wamepitishwa kwa sifa na kuitwa. Wengine huhofia kwamba kushughulikia watumishi ni kumsahau mgonjwa. Tafiti za Michael West na Jeremy Dawson zimeonyesha kinyume chake: namna watumishi wanavyotendewa inaendana na namna wagonjwa wanavyoridhika na huduma. Muuguzi anayeogopa kuadhibiwa hataripoti dozi iliyokosewa, na atakayeumia ni yule aliyelala kitandani.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu, na silipuuzi. Mashauri rasmi yanaweza kupungua huku uonevu ukihamia kwenye zamu mbaya, likizo zinazokataliwa na dharau za wodini. Ni kweli, katika dodoso za watumishi, karibu mmoja kati ya sita wa wasio weupe bado husema amebaguliwa na mkubwa wake au wenzake, ilhali kwa weupe ni chini ya mmoja kati ya kumi. Lakini hilo halibatilishi utaratibu, bali linaonyesha wapi haujafika. Upangaji wa zamu nao una mwamuzi, na mwamuzi huyo anaweza kutakiwa aandike sababu zake. Jopo la usaili, kadhalika, liandike alama za kila jibu kabla ya kujadiliana, na linapompita mwombaji mwenye alama za juu, liwajibike kumweleza mtu wa nje ya idara kwa nini.