CEPAC na Wachungaji Wake wa Vijijini: Historia Fupi

Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste, wakiwemo Axel Lindgren kutoka Uswidi na Gunnerius Tollefsen wa Norwe, walifika Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wanorwe wakashika njia ya Kaziba, na kazi yao ikazaa jumuiya dada ya CELPA. Waswidi wakajenga Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Ndiyo asili ya jumuiya yetu, CEPAC, yaani Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste katika Afrika ya Kati, yenye makao yake Bukavu.

Wazee hao tunawashukuru daima. Lakini aliyepanda milima na Neno, kijiji kwa kijiji, alikuwa mwinjilisti mzalendo. Siku za juma alifundisha watoto kusoma, Jumapili alihubiri, na usiku aliamshwa kuombea mgonjwa au kupatanisha mume na mke. Mama mchungaji alilima ili nyumba ile. Wakati wa mavuno waumini walileta malimbuko: huyu anatua kitunga cha maharage mbele ya mimbari, yule mkungu wa ndizi, mjane kuku aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa anapokea kila kimoja kwa heshima ileile. Hivyo ndivyo kanisa letu lilivyolisha watumishi wake, na kwa hilo tunajivuna.

Mchungaji Matthieu Mukwege wa Bukavu hatuwezi kumpita. Siku moja alikwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akiwa na mwanawe Denis, mwenye miaka minane. Denis akauliza mbona mtoto hakupewa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Basi, kijana akasema, mimi nitakuwa daktari, baba ataomba nami nitatoa dawa. Baadaye akaja kuhudumu katika hospitali yetu ya Lemera.

Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wengi waliondoka. Wachungaji wa vijijini walibaki na kondoo wao. Miaka ya 1970 tuliungana na Waprotestanti wenzetu katika Kanisa la Kristo, tukiwa jumuiya ya 8. Mwaka 1991 kilianza Chuo Kikuu cha Kiinjili, UEA, hapa Bukavu. Oktoba 1996 Lemera ilipatwa na msiba mkubwa: hospitali ilishambuliwa vitani, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 Denis, sasa daktari, alifungua Hospitali ya Panzi hapa Bukavu. Mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.