Saa Tisa na Nusu Alasiri: Historia Fupi ya Kwaya, Klabu na Michezo katika Shule za Migori na Homa Bay

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliigawa siku ya mwanafunzi wa Kenya kwa lugha isiyo na mapambo. Masomo yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu, kisha shughuli za nje ya darasa ziendelee hadi saa kumi na moja kasorobo. Hiyo saa moja na robo ndiyo taasisi tunayoikumbuka hapa. Haina jiwe la msingi wala picha ya mwanzilishi ukutani, na hakuna anayeiandalia keki ya kuzaliwa. Hata hivyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay ina umri mkubwa kuliko madarasa mengi ya sekondari yanayopakana nayo.

Chanzo chake ni wimbo. Mwishoni mwa mwaka 1906 mmisionari Mkanada, Arthur Carscallen, na mwenzake Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walivuka ghuba ya Winam kutoka Kisumu wakapanda kilima cha Gendia, jirani na Kendu Bay. Ndio walioleta Uadventista upande huu wa ziwa. Baadaye waumini wake, Wasabato, walisonga kusini hadi Kamagambo, nao Wakatoliki wa shirika la Mill Hill wakajijenga Asumbi. Katika vituo hivi kijana alifundishwa kusoma na kuimba kwa pamoja, kwa kuwa kitabu alichokabidhiwa mara nyingi kilikuwa cha nyimbo za ibada. Kwaya haikuwa ya ziada. Ilikuwa nusu ya shule.

Alama ya vituo hivyo haijafutika. Hadi leo Kamagambo ikitajwa, watu wengi wa Nyanza hukumbuka kwaya kabla ya kukumbuka matokeo ya mtihani. Na mwalimu wa michezo anayepanga mechi siku ya Jumamosi bila kuuliza dini za wachezaji wake anajitafutia balaa. Tangu jua linapotua Ijumaa hadi litue Jumamosi, mlinda lango Msabato hayupo, hata kama ni fainali. Nimesikia walimu wakilalamikia jambo hili kama usumbufu. Kwa maoni yangu, kijana wa miaka kumi na saba anayeikataa medali kwa sababu ya imani yake tayari ameshajifunza kile ambacho michezo inadai kufundisha.

Kandanda ilifika kwa mlango mwingine. Enzi za ukoloni, wilaya hii iliyoitwa Kavirondo Kusini haikuwa na sekondari za kutosha, na vijana wake wenye bahati walipelekwa ng'ambo ya ghuba, Maseno kwa Waanglikana au Yala kwa Wakatoliki. Maseno walimkuta Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza shule hiyo kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance. Kwake mpira ulikuwa somo kama hesabu. Kucheza ovyo na kukokotoa ovyo yalikuwa makosa ya aina moja. Waliorudi nyumbani wakawa walimu walikuja na filimbi mfukoni, nao wakayarithisha yale yale.

Baada ya uhuru zikaja shule za harambee. Wazazi walichanga mabati, mawe na ng'ombe, na shule zikachipuka kila pembe ya Nyanza Kusini. Maabara zilichelewa, vitabu vikachelewa zaidi. Uwanja wa mpira ulihitaji jembe, panga na nguzo nne za mti, kwa hiyo ukapatikana mapema. Ndiyo maana shule nyingi za eneo hili zilikuwa na timu kabla hazijawa na darubini.

Wilaya ya Nyanza Kusini baadaye ilimegwa, na baada ya uchaguzi wa 2013 tukabaki na kaunti mbili zenye serikali zake. Katika michezo ya shule, hata hivyo, ngazi ni ile ile: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Nyanza pamoja na Kisumu, Siaya, Kisii na Nyamira, kisha taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Kupita kanda ya Nyanza ni kazi ngumu kweli kweli. Agoro Sare ya Oyugis, ambayo jina lake ni la kuogopwa katika mpira wa vikapu na kandanda, inalijua hilo. Muhula wa kwanza kwa kawaida ni wa vikapu, mpira wa mikono, magongo na raga ya wachezaji kumi na watano. Wa pili huja na kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Kuogelea nako kumo katika kalenda ya taifa, ila hapa ndipo kichekesho kilipo. Watoto waliozaliwa wakisikia mawimbi ya ziwa hawana bwawa la kufanyia mazoezi, na mashindano hayafanyiki ziwani.

Kijana wa Migori aliyetaka kuona mpira unaweza kumfikisha wapi hakuhitaji kwenda Nairobi. Kule Awendo, kiwanda cha sukari cha SoNy kilikuwa na klabu yake, nayo mwaka 2006 ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Timu ya mji wa miwa iliwaacha nyuma Gor Mahia na AFC Leopards. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa Rongo au Uriri aliweza kuwaona kwa macho yake wachezaji wa ligi kuu, siku za mechi, kwa nauli ya matatu. Mwaka 2019 klabu hiyo iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika katika mechi kwa kukosa fedha. Pengo lake linaonekana hadi sasa, maana ngazi iliyokuwa karibu na nyumbani iling'olewa.

Lakini ukinilazimisha kuchagua sehemu moja ya historia hii, nitauacha uwanja niende jukwaani.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na lile la Drama 1959. Yote mawili yalizaliwa mikononi mwa Wazungu. Nyimbo zilikuwa zao, tamthilia zilikuwa zao, na waamuzi walikuwa wao. Kazi ya kuyageuza ilifanywa na walimu wa Kiafrika mwaka baada ya mwaka, kwa kupeleka jukwaani kitu ambacho mwamuzi mgeni hakuwa na kipimo chake. Wajaluo walikuja na dodo na ohangla. Wakuria walikuja na iritungu. Wasuba wa Mfangano, ambao shule zao huanza safari ya tamasha kwa boti kabla ya basi, walikuja na nyimbo za lugha iliyokuwa ikimezwa na Kijaluo.

Mtazame mpiga nyatiti wa shule akiwa jukwaani. Anaketi juu ya kigoda kifupi, karibu aguse sakafu, ala yenye nyuzi nane ikiwa imelala mbele yake. Mguuni amefunga njuga. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, na kwa pete hiyo anagonga ubao wa nyatiti kushika mapigo huku vidole vya mikono vikikimbia juu ya nyuzi na mdomo ukiimba. Ni kazi tatu kwa mwili mmoja. Zamani ala hii ilikuwa ya wanaume watupu, na wazee walikuwa na sababu zao za kuwakataza wanawake. Siku hizi msichana wa sekondari anaweza kukalia kile kigoda mbele ya ukumbi mzima, na hakuna anayenyanyuka kuondoka. Mabadiliko hayo hayakuletwa na kongamano wala sheria. Yaliletwa na mwalimu wa kwaya aliyekuwa katika shule ya wasichana na kumhitaji mpiga nyatiti.

Upande wa drama, nyuma ya pazia ni gundi, karatasi za manila na magunia ya katani yaliyogeuzwa mavazi. Waandishi wa michezo hii mara nyingi ni walimu wenyewe, na wanaandika yanayowakaba kooni: ukimwi katika fuo za Homa Bay, samaki wanaouzwa kwa bei isiyotajwa hadharani, mahari, siasa za mchango. Mchezo wa nusu saa hulisema jambo ambalo chifu hawezi kulisema barazani. Ndiyo maana tamasha limewahi kuwaudhi wakubwa, na litaendelea kuwaudhi.

Klabu zina hadithi tulivu zaidi. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianzishwa 1968 na wanafunzi wa sekondari wenyewe, jambo linalostahili kukumbukwa kila mtu mzima anapodai kwamba vijana wanangoja kuambiwa. Kwa shule za Homa Bay, darasa lake liko mlangoni: Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120, makao ya mwisho nchini ya swala aitwaye korongo. Bonde hilo lilibaki na wanyama kwa sababu mbung'o waliwafukuza watu, na mwanafunzi akiambiwa hivyo akiwa papo hapo, biolojia na historia humwingia kwa mpigo. Wenzao wa Migori wana Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikipita kimo cha mita nne, zenye umri wa karibu miaka 500. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inasikitisha kwamba wapo wanafunzi wa Migori waliokwisha kupelekwa Mombasa kuiona Fort Jesus ilhali Thimlich hawajaikanyaga.

Kuna pia skauti na gwaride lao, Chama cha Kiswahili na midahalo yake, Wakulima Vijana, Msalaba Mwekundu, vyama vya kidini. Huko Kuria, klabu za haki za wasichana hubeba mzigo mzito kuliko jina lake. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2011, lakini msimu wa kisu huja likizo ya Desemba, wakati mabweni yamefungwa. Kwa msichana fulani, klabu ya Alhamisi alasiri ndipo alipoambiwa mlango wa kubisha hatari ikikaribia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu miaka ya kunyang'anywa. Mtihani wa KCSE ulipoanza 1989, shule zikaanza kupimana kwa alama ya wastani, na saa ile ya alasiri ikageuka kuwa akiba ya kuchotwa. Kidato cha nne kiliondolewa uwanjani kwanza, kisha cha tatu. Masomo ya ziada yakala jioni, wikendi na likizo. Mwaka 2012 Waziri Mutula Kilonzo alipiga marufuku masomo ya likizo, na 2014 Waziri Jacob Kaimenyi akafuta orodha ya kuzipanga shule kwa matokeo. Shule ziliitikia kwa mdomo. Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i, katika vita vyake dhidi ya wizi wa mitihani, aliamuru muhula wa tatu ubaki wa masomo na mtihani tu, bila michezo na bila siku za maombi. Nia yake ilieleweka. Matokeo yake ni kwamba thuluthi ya mwaka ilifungwa, na ratiba za mihula miwili ya mwanzo zikasongamana hadi timu ikacheza mechi tatu kwa siku mbili. Halafu Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Mashindano ya kitaifa yalinyamaza hadi 2022, na wapo waliomaliza sekondari bila kuivaa jezi ya shule yao hata mara moja.

Historia hii nayo ina upendeleo ambao ni haki kuutaja. Kanga, Rapogi, Asumbi, Agoro Sare, Homa Bay High na nyingine za bweni ndizo zinazoandikwa, kwa kuwa mwanafunzi wake hana pa kwenda saa tisa na nusu. Mwanafunzi wa shule ya kutwa ana kilomita za kutembea, na akiwa msichana, ana maji ya kuteka kabla giza halijaingia. Kanuni za 2015 zilimpa saa moja na robo, lakini njia ya kurudi nyumbani inamnyang'anya. Shule chache zimejaribu dawa rahisi ya kufanya klabu wakati wa mapumziko marefu ya mchana, na wanaofanya hivyo wanastahili kuigwa kuliko wenye mabasi mapya.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa kuchagua ni Sanaa na Michezo. Kilichokuwa cha ziada kwa zaidi ya miaka mia kimeingizwa rasmi darasani, kikiwa na silabasi na mtihani wake. Ni ushindi, ila una hatari yake. Shule ikishadai kwamba sanaa na michezo ni mkondo wa hao wachache, ni rahisi kuwanyima wale wa sayansi saa yao ya alasiri. Mpiga nyatiti anayetaka kuwa mhandisi asifukuzwe kigodani.

Mzazi unayesoma makala haya, katika mgao wa serikali wa shilingi 22,244 uliopangiwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, 1,500 zilitengwa kwa shughuli hizi. Mgao huchelewa na mara nyingine hufika pungufu, hilo tunalijua. Lakini kwenye mkutano ujao wa wazazi, swali la alama ya wastani likishaulizwa, simama uulize na hili: saa tisa na nusu alasiri, watoto wetu huwa wapi?