Programu-jalizi si plagi

Jioni moja alinipigia simu mzee mmoja wa Tanga, katibu wa umoja wa watu waliosoma shule moja miaka mingi iliyopita. Tovuti yao anaisimamia mwenyewe. Wamekodi nafasi kwenye seva, wameweka WordPress, na juu yake BuddyPress, ili kila mwanachama awe na ukurasa wake, vikundi vyake na mahali pa kutumiana ujumbe na wenzake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akaingia kwenye shida yake.

"Mwanangu, kuna mama mmoja mwanachama wetu, akifungua ukurasa wake anakuta jina la mtu mwingine. Nikasema kosa liko kwenye BuddyPress. Nimeichomoa plagini yote. Sasa cha ajabu, kurasa za vikundi bado zinafunguka!"

"Umeichomoa vipi, mzee?"

"Nimeizima. Si ndiyo kuchomoa kwenyewe?"

Neno hilo, kuchomoa, lilinionyesha anavyoiona tovuti yake. Mzee alikuwa anafikiria plagi. Na hakukosea kwa uzembe. Ni neno lenyewe lililompeleka huko. Kiingereza kinakiita kitu hiki plugin, jina lililotokana na tendo la kuchomeka. Kiswahili nacho kilishalipokea jina la plagi zamani, pamoja na soketi na swichi. Mtu akisikia plagini, mkono wake unakwenda ukutani. Chomeka, kitu kiwake. Chomoa, kizime, na ukutani kusibaki chochote. Kwa pasi ya umeme hesabu hiyo ni sawa. Kwa tovuti ya watu wanaoandikiana kila siku, inapotosha.

Istilahi ya Kiswahili iliyopo kwenye menyu za programu nyingi zilizotafsiriwa ni programu-jalizi. Nakiri kwamba wengi wanaofanya kazi hii mjini hawaitumii. Ukikaa na mafundi utasikia plagini mchana kutwa. Ninaitetea kwa sababu inaeleza ukweli wa kitu chenyewe kuliko neno la Kiingereza linavyoueleza.

Tuanze na kitu. WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, waliojenga juu ya programu ya awali iliyoitwa b2. Katika mwaka ule wa kwanza, aliyetaka tovuti yake ifanye jambo jipya mara nyingi alilazimika kufungua faili za programu yenyewe na kuandika humo. Toleo jipya likija, faili zinafunikwa na mpya, na kazi yake yote inapotea. Toleo la 1.2, la Mei 2004, lilileta utaratibu mwingine. Waandishi wa WordPress waliacha ndani ya msimbo wao mahali maalumu, mithili ya ndoano, ambapo msimbo wa mtu mwingine unaweza kuning'inizwa. WordPress ikifika kwenye ndoano, inauliza kama kuna aliyening'iniza kitu, inakitekeleza, kisha inaendelea na safari yake. BuddyPress ilifika toleo la 1.0 mwaka 2009 kwa njia hiyohiyo. Wakati huo ilihitaji WordPress ya tovuti nyingi. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2010 inakaa kwenye WordPress ya kawaida.

Kwa hiyo programu-jalizi ni programu isiyojitegemea, inayoongezwa kwenye programu kubwa kupitia mahali palipoachwa makusudi, bila kuugusa msimbo wa programu hiyo kubwa.

Sasa neno. Shina lake ni jaa. Kutoka jaa tunapata jaza, na pia jaliza, yaani kujaza kilichopungua mpaka kifike ukingoni. Ile l haikuokotwa njiani. Ni l ya asili ya Kibantu, iliyomezwa katika jaa na kurudi kitenzi kinaponyambuliwa, kama inavyorudi katika zaa na zalisha, vaa na valia, kaa na kalia. Wanaisimu wanaoita kikamilisho cha sentensi kijalizo walichota kwenye kisima hichohicho. Kisha ikaongezwa -i ya mwishoni, ile inayotupa bei elekezi na ripoti tangulizi. Jalizi ni chenye kujaliza. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulifumbua neno hili bila kamusi, na hiyo ni sifa kubwa kwa istilahi yoyote.

Wapo wanaopendelea kiendelezi. Neno ni zuri, ila lina kazi mbili tayari: ndilo jina la vile vinavyoongezwa kwenye kivinjari, na ndilo jina la herufi zinazofuata nukta katika jina la faili. Programu nyongeza nayo inaeleweka, lakini nyongeza inaweza kuwekwa pembeni, kama kiti cha ziada sebuleni. Kinachojaliza huingia ndani ya chombo kilekile chenye vingine. Hapo ndipo neno hili linaposhinda.

Maana plagi kila moja ina tundu lake. Programu-jalizi hazina. BuddyPress, programu ya kulinda tovuti dhidi ya wavamizi, programu ya fomu na ile ya picha zote zinatumia kumbukumbu moja ya seva, hifadhidata moja, ndoano zilezile na ukurasa uleule mmoja anaouona mgeni. Ni maji ya ndoo moja. Ukishamimina, huwezi kusema haya ni ya kisima na haya ni ya mvua.

Chukua hitilafu ya kumbukumbu kujaa, ambayo tovuti za kijamii huipata mara kwa mara. Kwenye faili la kumbukumbu za makosa unakuta mstari unaosema kwamba baiti 268435456 zimekwisha. Hizo ni megabaiti 256. Mwisho wa mstari huo kuna njia ya faili: wp-content/plugins, halafu jina la programu-jalizi. Fundi mchanga analisoma jina hilo, anaifuta programu, na kesho yake mstari unarudi na jina jingine. Mstari ule unataja aliyekuwa anamimina ndoo ilipofurika. Hautaji aliyeijaza. Huenda mjazaji ni orodha ya shughuli za wanachama inayopakia maelfu ya rekodi kwa mkupuo, na aliyetajwa ana tone moja tu. Anayeiwazia plagi hawezi kuliona hili, kwa kuwa katika picha ya plagi kila kifaa kina kosa lake. Anayewazia kujaliza atauliza swali sahihi tangu mwanzo: ndoo ina ukubwa gani, na ndani mna nani na nani?

Nirudi kwa mzee wangu. Alikuwa ameniambia jambo lenye thamani kubwa bila kujua. Ikiwa BuddyPress imezimwa na kurasa za vikundi bado zinafunguka, basi kuna mwingine anayezitoa. Nikamwomba anisomee orodha ya programu-jalizi zilizowashwa. Alisoma polepole, moja baada ya nyingine, na ya tano ilikuwa programu ya akiba.

Programu ya akiba kazi yake ni kuharakisha tovuti. Mgeni wa kwanza akiomba ukurasa, WordPress inaujenga kwa kuuliza hifadhidata maswali mengi. Programu ya akiba inahifadhi nakala ya ukurasa uliokamilika na kumpa mgeni wa pili, wa tatu na wa mia, bila kuijenga upya. Kwa tovuti ya habari, ambamo wote wanasoma kitu kimoja, huo ni msaada mkubwa. Kwa tovuti ya kijamii, ukurasa wangu si ukurasa wako: juu kuna jina langu, arifa zangu, hesabu ya ujumbe ambao sijausoma. Ndiyo maana programu nyingi za akiba, zikiachwa zilivyo, huwapita watu walioingia kwa nywila. Kwenye tovuti ya mzee kuna mtu alikuwa amewasha mpangilio wa kuwahifadhia hata hao, akitumaini tovuti itapata mbio. Mwanachama mmoja alifungua ukurasa, nakala ikawekwa, na yule mama akapewa nakala yenye jina la mwenzake. BuddyPress haikuwa na kosa. Hata ilipozimwa, akiba iliendelea kugawa kurasa zilizojengwa siku ile ilipokuwa hai.

Tulizima mpangilio huo, tukafuta akiba yote, tukaiwasha BuddyPress. Mzee akauliza kwa wasiwasi, "Na ujumbe wa watu? Si nimeuchomoa?" Haukuwa umekwenda popote. BuddyPress inaandika mambo yake katika majedwali yake ndani ya hifadhidata, ambayo kwa kawaida majina yake huanza na wp_bp, na kuizima hakuyagusi. Vikundi, urafiki na ujumbe vilirudi kama vilivyoachwa.

Hapa pana jozi ya maneno ambayo kila msimamizi wa tovuti anapaswa kuitenganisha: kuzima na kufuta. Kuzima ni kuiambia WordPress isiisome programu hiyo, data inabaki. Kufuta ni kuondoa faili zake, na baadhi ya programu-jalizi zimeandikwa zikifutwa zifagie na majedwali yake. Kuchomoa, likitumika kwa yote mawili, linaweza kumgharimu mtu miaka kumi ya mazungumzo ya wanachama wake.

Kazi yenyewe ya kutafuta kosa tunaiita utatuzi, na neno hili nalo lina mengi ndani. Tata ni hali ya nyuzi kujisokota. Tatua ni kinyume chake, kama funga na fungua, ziba na zibua. Chomoa nalo lina umbo hilohilo la kutengua, lakini kuchomoa ni kwa mvuto mmoja, na kutatua ni uzi baada ya uzi. Ukivuta kwa pupa, fundo linakaza.

Kwenye tovuti ya kijamii kutatua kunakwenda hivi. Kwanza chukua nakala rudufu, ya faili na ya hifadhidata pia, maana wanachama wanaendelea kuandika wakati wewe unatafuta. Kisha zima zote, weka mandhari ya kawaida inayokuja na WordPress, na uangalie kama kosa limeondoka. Likiondoka, rudisha BuddyPress kwanza, kwa sababu nyingine nyingi zinaiegemea, halafu zilizobaki kwa nusu nusu. Ukiwa na kumi na sita na mkosaji ni mmoja, rudisha nane. Ukijua yuko nusu ipi, igawe tena. Kwa majaribio manne umemfikia. Ipo hata programu-jalizi iitwayo Health Check & Troubleshooting, inayokuwezesha kuzizima zote kwa macho yako tu, huku wageni wakiiona tovuti kama kawaida. Ukurasa ukiwa mweupe kabisa na huwezi hata kuingia, fungua faili za seva ulibadilishe jina folda la plugins. WordPress isipozikuta programu-jalizi inaziweka pembeni nawe unaingia. Kisha unalirudishia folda jina lake na kuziwasha moja moja. Tangu toleo la 5.2, la mwaka 2019, WordPress yenyewe inapokutana na kosa la kuua humtumia msimamizi baruapepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Lakini baruapepe hiyo inafika tu kama seva yako inatuma barua vizuri, jambo ambalo wengi hawalijaribu mpaka siku ya msiba.

Wakati mwingine utazitoa zote, uzirudishe zote, na usimpate mkosaji, kwa kuwa kilichobadilika ni chombo chenyewe. Agosti 2020, toleo la 5.5 liliacha kupakia jQuery Migrate, msimbo mdogo uliokuwa ukizisaidia programu-jalizi za zamani kuelewana na maktaba ya jQuery. Vitufe vikagoma, dirisha la kupakia picha likakataa kufunguka, katika tovuti ambazo hakuna mtu aliyegusa programu-jalizi hata moja. Walioilaumu programu waliyoisasisha mwisho walipoteza siku nzima. Jalizi inayokaa vizuri ndani ya mtungi wa jana si lazima ikae ndani ya mtungi wa leo.

Kuhusu maandishi: programu-jalizi ni ya ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema programu-jalizi hii imezimwa, na programu-jalizi hizi zimezimwa, bila kubadili umbo. Kistari kibaki, kinaonyesha kwamba ni jina la kitu kimoja na si sifa ya kupita. Na penye haraka, jalizi peke yake inatosha: zima jalizi ya akiba, washa jalizi ya fomu. Nimeitumia hivyo na wanafunzi wangu nao wameishika kwa siku moja.

Kwenu mnaofundisha vijana kutengeneza tovuti, na mnaoandika miongozo ya Kiswahili: andikeni programu-jalizi, na mwelezeni mwanafunzi jaliza ni nini kabla hajagusa kitufe cha kuzima. Mzee wa Tanga sasa ananiandikia mwenyewe. Juzi alileta ujumbe wa mstari mmoja: "Nimezima jalizi tatu, sijafuta hata moja, kosa liko kwenye ya fomu."